Kisu kabla ya mpira wa maji: kutafuta maradhi ya uwanja wa gofu wakati wa kaskazi

Kila asubuhi, kabla mchezaji wa kwanza hajafika, kuna mtu anayezunguka grini zote, yale maeneo ya nyasi fupi sana yenye shimo la kulengwa, akihamisha mashimo. Anakandamiza kile chuma cha duara, anachomoa kipande cha udongo chenye nyasi kichwani, anakwenda kuziba nacho shimo la jana, anamwagia maji kidogo na kuendelea na safari. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, kwa hiyo kipande hicho ni kinene kama mkebe wa maziwa ya unga. Grini 18, vipande 18, kila siku ya Mungu. Hakuna daktari anayeletewa vipimo vingi kiasi hicho bure, na bado viwanja vingi huvirudisha ardhini bila mtu kuvitupia jicho.

Ninazungumzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, kwenye mwambao wa Kilifi, Mombasa na Diani, na huku kwetu Dar es Salaam na Unguja. Mchana joto hupita nyuzi 31, usiku halishuki vya kutosha, na mwanzoni mwa Machi jua la Dar linapita utosini kabisa. Vuli imekwisha, masika bado. Ndio msimu wa wageni na mashindano, na ndio msimu ambao kila doa la kahawia hukimbiliwa na mpira wa maji.

Mimi pia nilikimbilia. Mwaka wangu wa kwanza kusimamia uwanja nilimwagilia doa moja kwa wiki mbili, asubuhi na jioni. Pembeni mwa doa kukawa tope, doa lenyewe likazidi kukauka. Mzee mmoja aliyekuwa akifyeka feawei, ile njia pana ya nyasi inayoelekea kwenye grini, akanichekea, akatoa kisu mfukoni, akakata pembe tatu ya nyasi na kuifunua kama mtu anayefunua jamvi. Chini kulikuwa na mchanga mkavu kama unga wa mhogo. Tangu siku hiyo nina amri moja tu kwa vijana wangu: kisu kwanza, mpira baadaye.

Jua si mshitakiwa wa kwanza

Maelekezo mengi ya kutunza uwanja wakati wa joto yameandikwa Ulaya na kaskazini mwa Marekani, na wanachokipigania kule ni nyasi za baridi za jamii ya Agrostis. Hizo zikipigwa na nyuzi 32 mfululizo mizizi yake hufupika, na msimamizi hulala roho mkononi. Ndiyo maana wanashauri kupoza grini kwa manyunyu ya adhuhuri, kupandisha kimo cha kukata, na kutogusa udongo hadi joto lipungue.

Sisi pwani tuna ukoka na paspalamu, nyasi nyingine inayovumilia chumvi. Ukoka ni mtoto wa jua. Hata aina za kisasa za grini na feawei, kama Tifdwarf, TifEagle na Tifway 419, ukoo wake unaanzia kwenye ukoka wa kawaida uliokutanishwa na jamaa yake wa Afrika Kusini, kazi iliyofanyika mjini Tifton, jimbo la Georgia. Ni nyasi za Afrika zilizokwenda ng'ambo zikarudi na jina jipya. Joto la nyuzi 27 hadi 35 ndilo linalozikuza vizuri zaidi. Kwa hiyo ukoka ukifa Februari, uliza ni nini kilichouzuia kunywa, kula au kupumua. Jua linafichua tu kosa lililokuwapo tangu Septemba. (Nyasi ya kikuyu ya Nairobi na nyanda za juu ina habari zake, huku chini haifai, usihangaike nayo.)

Kabla ya dalili yoyote, jua hesabu yako ya maji. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Siku ya kaskazi chukulia nyasi zinapoteza milimita 5 hivi. Grini ya mita 500 za mraba inadai lita 2,500. Grini 18 zinadai 45,000. Feawei za hekta 12 zinadai lita 600,000 kwa siku moja. Ukilinganisha na kisima chako utaelewa kwa nini haiwezekani kumwagilia kila kitu, na kwa nini anayepanga asiwe na aibu kusema: grini kwanza, tii (pale mchezaji anapopigia mpira wa kwanza) za pili, feawei zipate kinachobaki.

Doa kavu katikati ya grini iliyolowa

Dalili: nyasi zinageuka rangi ya kijivu chenye ubuluu, alama za viatu zinabaki badala ya kunyanyuka, kisha kahawia. Doa halina umbo, mara nyingi liko juu ya kifundo cha grini. Makedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, huliona kabla yetu kwa sababu ndio wanaotazama nyayo.

Kata. Ukikuta mchanga mkavu huku sentimita 30 pembeni ni mbichi, una mchanga uliogoma maji. Mabaki ya mizizi na kuvu huacha mafuta kama nta kwenye chembe za mchanga, na ukikauka mara moja haupokei tena. Hakikisha hivi: laza kipande chali kivulini, dondoshea tone la maji kila sentimita moja kuanzia juu kwenda chini. Tone likizama mara moja, mchanga ni mzima. Likikaa zaidi ya sekunde 5, umeanza kugoma. Likikaa dakika nzima liking'aa kama shanga, hata ukifungua bomba usiku kucha maji yatateleza kwenda kwa jirani.

Tiba yake ni kazi ya mkono. Toboa doa kwa uma wa bustani, mashimo ya karibu karibu, kisha mwagilia polepole kwa dakika chache, acha, rudia, mara tatu au nne. Halafu weka dawa ya kulowanisha udongo iliyotengenezwa kwa ajili ya nyasi na uizamishe kwa maji palepale. Nimeona watu wakitumia sabuni ya vyombo kuokoa pesa. Kwa ndoo moja ya majaribio sawa. Kwa grini nzima wakati wa jua utaunguza majani na kubaki na tatizo lile lile.

Duara au nusu duara la kijani kibichi zaidi, lenye ukanda mkavu ndani yake na uyoga ukitokea baada ya mvua, ni ndugu wa ugonjwa huu: kuvu inaishi ardhini na kuufanya mchanga ugome. Tibu ukavu kwa njia ile ile kabla ya kununua dawa ya kuvu, kwa sababu dawa nayo haitapenya.

Nyasi zinanyauka na udongo umelowa

Hii ndiyo inayowadanganya wengi. Saa nane mchana grini imelala kama mtu mwenye homa, na yule kijana mwenye mpira anaharakisha kuiongezea maji. Kata kwanza. Harufu itakujibu kabla ya macho: mayai viza. Utaona mstari mweusi ukipita udongoni, na mizizi imeishia juu ya mstari huo kana kwamba imekatazwa kuvuka. Hewa imekwisha humo. Mizizi ya sentimita mbili haiwezi kulisha majani chini ya jua la Februari, hata ikiogelea.

Sababu ni tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja. Kwanza, maji mengi ya kila siku, kidogo kidogo, yasiyoacha udongo ukauke hata siku moja. Pili, matabaka: leo mlimwaga mchanga mwembamba, mwaka juzi mchanga mkubwa, katikati kuna tando la majani mafu, maji husimama kwenye mpaka wa tabaka moja na jingine. Grini iliyojengwa kwa mtindo wa USGA, chama cha gofu cha Marekani, ina sentimita 30 za mchanga uliochaguliwa juu ya sentimita 10 za changarawe, na uzuri wote huo huuliwa na lori moja la mchanga usiofanana. Tatu, mdomo wa bomba la kutolea maji umezibwa na nyasi au kaa, na hakuna anayekumbuka uko wapi. Utafute leo. Ukiufungua na maji meusi yakatoka, umeshaanza kutibu.

Baada ya hapo funga maji kwenye grini hiyo hadi kisu kikuambie. Toboa kwa misumari mirefu ya mashine, isiyotoa udongo, ili hewa iingie bila kuvuruga mchezo. Adhuhuri unaweza kurushia manyunyu mepesi yanayolowanisha majani tu, dakika moja. Hapa ndipo ule ushauri wa Ulaya unatufaa, kwa kuwa nyasi zetu zimebaki na mizizi mifupi kama ya kwao.

Kutoboa kwa kutoa udongo, ile kazi kubwa inayowaudhi wanachama, ukoka unaipenda wakati wa joto maana unajifunika upesi. Lakini fanya kama kisima chako kinaweza kuuhudumia wiki mbili zinazofuata. Kama maji ni ya kubahatisha, subiri mvua za kwanza za masika.

Ncha za majani nyeupe na ukoko wa chumvi

Kama ningeruhusiwa kununua kifaa kimoja tu kwa uwanja wa pwani, ningeacha mashine zote nikanunua kipimo cha chumvi cha mkononi. Kinaingia mfukoni, na kinaongea ukweli kuliko muuza mbolea.

Dalili huanza kwenye ncha: majani yanaungua kuanzia juu, nyasi zinakuwa ngumu na fupi, rangi inapauka kwa ujumla. Asubuhi ya ukame utaona unga mweupe kwenye kingo za bunka (mashimo ya mchanga ya uwanjani) na sehemu zilizo wazi. Mahali palipoinuka na mahali pasipotoa maji huathirika kwanza. Ajabu yake ni kwamba nyasi zinaonekana zina kiu hali udongo una unyevu. Chumvi inashindana na mzizi kuyavuta maji yale yale.

Chanzo kwa kawaida ni kisima. Karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa nguvu miezi minne bila mvua, yale ya chini hupanda. Kwa hiyo usipime mara moja kwa mwaka. Pima kila wiki, tena mara mbili: pampu inapowashwa na inapokaribia kuzimwa. Namba ya jioni ikiwa juu sana kuliko ya asubuhi, unakivuta kisima kupita uwezo wake. Punguza saa za pampu, jaza bwawa kidogo kidogo mchana na usiku. Namba yenyewe husomwa kwa desisimensi kwa mita, kipimo cha umeme unaopitishwa na maji yenye chumvi. Maji ya kumwagilia yakipita 3 anza kuwa na wasiwasi. Ndani ya udongo ukoka huanza kudumaa ikifika 7 hivi. Paspalamu huvumilia zaidi, ndiyo maana viwanja vipya vya pwani na vile vya Ghuba vinaipenda, lakini kuvumilia si kupenda. Watu husikia "nyasi ya maji ya bahari" wakadhani unaweza kuileta pampu hadi ufukweni.

Kosa kubwa ni kumwagilia chumvi kidogo kidogo. Milimita tatu kila usiku hulowanisha juu, jua hunyonya maji, chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Inatakiwa kuisukuma ishuke chini ya mizizi. Toboa grini kwanza, kisha usiku mmoja mwaga milimita 20 au 25 kwa vipande: dakika kumi fungua, nusu saa funga, hadi alfajiri. Asubuhi chukua udongo wa juu na wa sentimita 15, changanya kila mmoja na maji safi kwa kipimo kile kile, pima. Juu pakipungua na chini pakipanda, chumvi inashuka. Pasipobadilika, maji hayana pa kutokea. Rudi sehemu ya mayai viza.

Jasi nayo ina mahali pake. Inasaidia pale ambapo tatizo ni sodiamu, udongo umefumba na maji yanasimama juu. Kalisi ya jasi hung'oa sodiamu ili maji yapite nayo. Tanzania tunayo, Makanya na Kilwa inachimbwa. Lakini kama maabara inasema ni chumvi nyingi tu bila sodiamu kuzidi, jasi ni chumvi nyingine unayoiongeza kwa mshahara wako. Peleka sampuli kabla ya kuagiza gunia: kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro hupima udongo, Kenya kuna maabara za KALRO, taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mifugo.

Na mchanga! Niliwahi kupokea lori la mchanga mweupe mzuri, muuzaji akiapa ni wa mto. Tuliutandaza kwenye grini tatu. Siku ya nne ncha zote zilikuwa zimeungua. Ulikuwa mchanga wa baharini. Siku hizi dereva hashushi kabla sijafanya mambo mawili mbele yake: naweka chembe ulimini, na namwagia siki kijiko kimoja. Ukitoa mapovu una chembe za kombe na matumbawe. Hautaleta chumvi tu, utapandisha pia ukali wa chokaa kwenye udongo ambao tayari umekaa juu ya jiwe la matumbawe.

Mistari iliyonyooka

Maumbile hayachori mstari kwa rula. Ukiona kingo zilizonyooka, mshitakiwa ana miguu miwili au magurudumu matatu.

Mstari mwembamba wa kahawia, kingo kali, umetokea kati ya jana na leo, ukifuata njia ya mashine hadi inapogeukia: mafuta ya haidroliki. Mpira umevuja. Usimwagilie, hakuna cha kuokoa hapo, mafuta yale hutoka yakiwa ya moto. Simamisha mashine, kagua mabomba yake yote, kisha kata nyasi zilizokufa na uweke viraka kutoka kitaluni. Kama huna kitalu cha viraka, kaskazi hii itakufundisha kwa nini unakihitaji.

Mistari mipana ya njano na kijani kibichi kwa zamu, kama shuka ya Kimasai: mbolea imemwagwa bila kupishanisha vizuri. Mahali ilipoangukia mara mbili inaweza kuungua. Ikigunduliwa siku ile ile, osha kwa maji mengi. Kwenye grini mimi sitandazi urea ya chenga msimu huu, nayeyusha. Gramu 1.5 za naitrojeni kwa mita ya mraba inatosha kwa wiki moja au mbili. Grini ya mita 500 inadai gramu 750, yaani kilo 1.6 za urea yenye asilimia 46. Pima kwa mizani. Kopo la kukadiria ndilo lililochora shuka ile.

Uwanja mzima umepauka, kama umefunikwa vumbi, kuanzia saa tano: chukua jani moja ulitazame karibu. Ncha ikiwa imechanika nyuzi nyuzi badala ya kukatwa, kisu cha mashine ni butu. Jani lililochanika hupoteza maji zaidi na hufungulia maradhi mlango. Ingiza kipande cha gazeti kati ya silinda na kisu cha chini, zungusha kwa mkono kwa uangalifu, jaribu upande wa kushoto, katikati na kulia. Likatike safi kote. Mchanga wa kutandazia hula makali upesi sana, basi siku ya kutandaza tumia mashine ya zamani.

Madoa makavu yenye umbo la mwezi mwandamo, yanayojirudia kwa umbali ule ule, ni ya vinyunyizio. Panga makopo ya nyanya yanayofanana, kila mita tatu, fungua maji dakika 15 alfajiri, pima kwa rula. Kopo la chini likiwa na nusu ya kopo la juu, usiongeze dakika, maana utafurikisha wengine ili kumnywesha mmoja. Safisha mchanga kwenye matundu, nyoosha kichwa kilichoinama, angalia kama vituo vitatu havifunguki kwa pamoja na kuuana nguvu. Panga maji kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili alfajiri, upepo umelala.

Halafu kuna umeme. Ukikatika saa saba usiku ukarudi saa nane, pampu inaweza isiwake, au saa ya kidhibiti cha vinyunyizio ikarudi sifuri na maji yakafunguka wachezaji wakiwa shimo la saba. Andika namba ya mita ya maji kila asubuhi kwenye daftari. Namba isiyosogea utaiona siku ya kwanza. Nyasi zitakuambia siku ya tatu.

Njano bila ukavu

Yakianza majani ya zamani ya chini, ni njaa ya naitrojeni. Yakianza machanga, na mishipa ikabaki ya kijani, ni chuma: kwenye udongo wa matumbawe chuma kipo lakini kimefungwa. Nyunyiza salfeti ya chuma kwenye majani jioni, dozi nyepesi. Ukiona kijani kimerudi baada ya siku moja au mbili, umepata jibu kwa bei ya chai. Angalia viatu na zege la njiani, madoa yake ya kutu hayatoki.

Ikiwa umelisha, umenywesha, na sehemu fulani bado ni nyembamba na hulala kila adhuhuri, osha mizizi kwenye beseni. Mifupi, mieusi, yenye vifundo: minyoo fundo. Mchanga ndio nyumba wanayoipenda. Hapa sitaki ukisie. Peleka udongo na mizizi maabara, na dawa iwe imesajiliwa kwa matumizi hayo na mamlaka za viuatilifu, TPHPA Tanzania au PCPB Kenya. Wakati unasubiri majibu, inua kimo cha kukata kidogo na umwagilie mara nyingi zaidi, maana mizizi iliyobaki haifiki mbali.

Magonjwa ya majani tafuta alfajiri, umande ukiwapo. Nyuzi kama utando wa buibui, madoa yanayoteleza mkononi, vidoa vyeusi juu ya jani. Jua likipanda ushahidi hupotea. Pangusa umande kwa ufito mrefu wa mwanzi kila asubuhi. Ni kazi ya dakika tano kwa grini na inapunguza dawa nyingi.

Kunguru wamekaa kikao kwenye grini

Kunguru mmoja ni mpita njia. Kunguru kumi wanaong'oa nyasi siku tatu mfululizo, au kwarara wanaochomeka midomo yao mirefu, ni wataalamu wa wadudu uliowaajiri bila kujua. Kata pale walipochimba. Funza weupe waliojikunja kama herufi C ni watoto wa mbawakawa, wanakula mizizi. Nyasi hunyanyuka kama zulia ukizivuta. Vijia vilivyovimba juu ya udongo, hasa kwenye tii, ni vya nyenje wachimbaji.

Usipoona kitu, tumia sabuni, na safari hii ndiyo kazi yake: vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwenye lita 5 hadi 8, mwagia mita moja ya mraba, subiri dakika kumi. Nyenje na viwavi hupanda juu wakikimbia. Funza hawatoki kwa njia hii, hao ni wa kisu. Hesabu ulichokiona, ndipo uamue. Kuwafukuza kunguru na kuwaacha funza ni kumpiga mjumbe.

Chini ya miembe, mivinje na mikorosho

Nyembamba daima, kaskazi hufa kabisa. Ukoka hautaki kivuli, na hakuna mbolea inayogeuka kuwa jua. Punguza matawi ya upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie. Kama ni ukavu zaidi kuliko kivuli, chimba mtaro mwembamba wenye kina cha sentimita 60 kati ya mti na tii ukate mizizi inayoiba maji, upande mmoja tu wa mti. Penginepo jibu ni kukubali, uweke matandazo na kusogeza tii mita nne.

Ndago, kwa kuwa ndizo zinazochangamka wengine wakilala: kung'oa kwa mkono huacha kiazi ardhini, na kila kiazi kilichobaki kinaleta watoto. Tumia kiua-ndago kisichodhuru ukoka, zikiwa zinakua vizuri, rudia baada ya wiki kadhaa. Mchanga wa bunka unaopeperushwa na upepo ulowanishe kabla ya kupiga reki. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

"Grini ni nzito"

Hii ni dalili inayoletwa na nahodha wa klabu, siku kumi kabla ya mashindano. Anataka mpira ukimbie. Njia rahisi ni kushusha kisu cha mashine, na ndiyo inayoua. Tifdwarf iliyozoea milimita 4 hadi 5 ukiishusha hadi 3 kwa mkupuo katikati ya Februari, umeondoa majani na kubakiza vijiti vya kahawia, na hayo majani ndiyo yaliyokuwa jiko lake.

Grini nzito aghalabu ina tando. Bonyeza kwa kidole gumba. Ikizama kama godoro, kata uone unene wa tabaka la kahawia chini ya majani. Ukoka kwenye joto hukua upesi na kutandika kitanda chake mwenyewe, mashine ikizama humo hunyoa vilima hadi ngozi. Chana kwa visu vya wima, juu juu, kila wiki au mbili, tandaza mchanga mwembamba unaopotea katikati ya majani ukipigwa brashi, na siku za mashindano pitisha roli asubuhi. Roli inaongeza mwendo bila kula jani. Niliwahi kushindwa kusema hapana kwa nahodha mmoja. Alipata grini zenye kasi Jumamosi na Jumapili, mimi nikapata grini za kijivu hadi Juni.

Mvua ya kwanza

Machi ikielekea mwisho, mawingu yanajikusanya, na kila mtu uwanjani anapumua. Zima kidhibiti siku ile ile. Nimekuta vinyunyizio vikifanya kazi chini ya mvua. Mvua kubwa ya kwanza inaosha chumvi vizuri kuliko pampu yoyote, kwa hiyo toboa grini zenye chumvi kabla haijafika ili ikute milango wazi.

Kisha anza kutembea feawei jioni ukiwa na tochi. Nondo wa viwavijeshi hufuata mvua, na ukoka mchanga uliochipua ndio karamu yao. Kiwavi mdogo humuoni. Anakula upande mmoja wa jani na kuacha kama kioo. Wiki mbili baadaye anakula kila kitu, na uwanja uliokuwa kijani Ijumaa unakuwa na rangi ya jamvi Jumatatu, wengine wakisema mvua haikutosha. Ukiona vioo hivyo kwenye majani, mwagia maji ya sabuni sehemu tano tofauti, hesabu viwavi, na kama wapo wa kutosha piga dawa jioni ile, kwa kuwa hula usiku. Usifyeke asubuhi yake, wala usifungue maji hadi dawa ikauke.